Nani Anakunja Uso?

Kuna kirai cha Kiingereza kilichowahi kugawanya darasa zima la watu mia mbili na kitu kwa usiku mmoja. Kilikuja mwishoni kabisa mwa barua pepe ya mwalimu wa kozi mojawapo tuliyosoma mwaka wa pili, baada ya tarehe ya kukusanya kazi: "Late submission is frowned upon." Basi. Hakuna kingine. Ilipofika saa mbili usiku grupu letu la WhatsApp lilikuwa linawaka.

Kambi ya kwanza ilisema maana yake ni hairuhusiwi: ukichelewa umeisha, jiandae na sapu. Kambi ya pili ikasema hapana, angetaka kukataza angeandika "not allowed" au "will not be accepted". Hajaandika, kwa hiyo inapokelewa. Kambi ya tatu ikaja na hesabu zake yenyewe, kwamba inapokelewa ila unakatwa maksi tano kwa kila siku. Hizo tano sijui walizitoa wapi. Mmoja akafungua kamusi, akapiga picha ukurasa, akatubandikia: kutolipenda jambo, kutolikubali. Haikusaidia. Kutolikubali kivipi? CR wetu, mtu wa busara za kuzaliwa, akaandika, "Jamani tumeni mapema tu," na mjadala ukafa bila mtu kujua jibu.

Waliochelewa walikuwepo, maana hawakosekani. Baadhi walipata maksi zao zote. Wengine walikatwa. Hakuna aliyeelezwa kwa nini, na hakuna aliyekwenda kuuliza, kwa sababu ungekwenda ukauliza nini? Si uliambiwa?

Mimi nilikuwa nimetuma siku moja kabla, kwa hiyo hapa sidai maksi zangu. Ila kile kirai kilinikaa kichwani. Nasomea ualimu, somo langu moja la kufundishia ni Kiingereza, na maneno kama haya ndiyo nitakayosimama nayo mbele ya watoto wa watu. Nikaanza kukifuatilia kama mtu anavyofuatilia bumu lililochelewa.

"Frown" ni kukunja uso, au ukitaka kuwa sahihi zaidi, kukunja ndita, ile mikunjo inayotokea kwenye paji la uso, katikati ya nyusi. Neno lenyewe Waingereza walilipata kutoka Kifaransa cha zamani, na wataalamu wa asili ya maneno wanalirudisha nyuma zaidi hadi kwenye lugha ya Wagaule, ambako lilihusu tundu ya pua. Yaani mwanzo wake haukuwa kwenye nyusi, ulikuwa kwenye pua: mtu anaipandisha, anatoa pumzi kwa nguvu kama ng'ombe aliyeletewa majani asiyoyataka. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu maktaba, kwa sababu nina shangazi ambaye hakunji ndita hata kidogo. Yeye hukunja pua. Ukimtambulishia mchumba asiyempenda, ile pua inakuwa imeshamaliza kikao kabla chai haijapoa.

Charles Darwin, huyuhuyu wa nadharia ya mageuzi, alitoa kitabu mwaka 1872 kuhusu namna binadamu na wanyama wanavyoonesha hisia zao, na suala la kukunja uso alilipa nafasi yake. Anachosema ni kwamba mtu hakunji uso kwa sababu ya hasira tu. Anaweza kuwa amezama kwenye mawazo mazito na paji lake likabaki laini kabisa, mpaka akutane na kikwazo katika kufikiri kwake, ndipo nyusi zinasogeleana. Wanafunzi wenzangu wa ualimu, hili libandikeni ukutani. Siku ya kwanza unaposimama mbele ya darasa la watu sitini unaona nyuso sitini zimekunjwa, unajua wanakuchukia. Hawakuchukii. Wengi wanahangaika na ulichosema. Wengine jua la dirishani linawapiga machoni.

Na hata kuhusu uso wenyewe, wenye lugha hawajakubaliana. Wamarekani wengi siku hizi ukiwatajia "frown" wanafikiria mdomo uliopinda kwenda chini, kinyume cha tabasamu, wakati Waingereza kwa kawaida wanafikiria paji la uso. Fungua simu yako utazame ile alama ya uso wa huzuni, wenye mdomo kama daraja. Jina lake rasmi kwenye orodha ya Unicode lina neno "frowning" ndani yake, lakini haina nyusi wala ndita hata moja. Sasa kama uso wenyewe haujulikani unakunjwa wapi, mimi wa Form One ya bweni nitaupataje?

Lakini shida kubwa haipo kwenye uso, ipo kwenye vineno vidogo vinavyoufuata. Ukisema "she frowned at me", hapo kuna uso wa kweli, nyama na ngozi, umekugeukia wewe. Ukisema "she frowns on smoking", au "upon" ukipenda urasmi, mwenye uso anaweza kuwa amelala fofofo saa hiyo. Haukunjwi uso wowote. Uso umegeuka kuwa msimamo. Vilevile wengi wetu tunalichanganya hili na "look down on", kwa kuwa yote mawili yana harufu ya kutazamwa vibaya. Hayafanani. "Look down on" ni kumdharau mtu, kumwona yuko ngazi ya chini yako. "Frown on" kwa kawaida inahusu kitendo. Rafiki yako wa chumba kimoja unaweza kuikunjia uso tabia yake ya kupika indomie saa nane usiku huku mwenyewe unampenda vilevile, na indomie unakula.

Halafu kuna ile kauli ya kutendwa. Mara nyingi kirai hiki hakiji na mtenda. Hatuambiwi "mwalimu fulani anakunja uso" wala "baraza la chuo linakunja uso." Tunaambiwa tu kwamba uso umekunjwa. Ni kama kuingia ukumbini ukakuta kiti kimevunjika na kila mtu anatazama juu.

Nikawa nakusanya mifano, kutoka kwenye vitabu, kwenye filamu, kwenye hukumu za mahakama anazosoma jirani yangu wa sheria hapa hosteli (majaji wanaoandika kwa Kiingereza wanakipenda sana kirai hiki). Kadiri nilivyokusanya ndivyo nilivyoona kinabeba vitu visivyolingana uzito. Uingereza, kuwaruka watu kwenye foleni ni jambo la kukunjiwa uso. Kwa kawaida hakuna askari atakayekuja kukukamata, lakini utasikia watu wakikohoa nyuma yako, na kikohozi kile si cha mafua. Kumwuliza mtu mshahara wake, vivyo hivyo. Hapo maana ni ile ya kamusi: hakuna sheria, hakuna adhabu, kuna macho ya watu tu.

Upande wa pili kuna utani. Mwingereza anaweza kukuambia kwamba kumuua jirani yako "is generally frowned upon", na hajatabasamu. Anakuchekesha kwa kulishusha jambo zito liwe jepesi. Sisi pia tunaujua utani huu. Mtu akikuta mwenzake kamaliza sufuria nzima ya wali wa watu wanne, anamwambia taratibu, "Ndugu yangu, hii siyo vizuri sana." Neno "sana" hapo ndilo linaloua.

Na katikati ya hizo mbili kuna matumizi ya tatu, ndiyo yanayotuumiza: mtu mwenye mamlaka ya kuadhibu anaandika kwamba jambo fulani linakunjiwa uso. Sasa hapo ni adabu anakufundisha, ni utani, au ni amri iliyovaa suti? Maneno yenyewe hayakuambii. Aliyekulia kwenye lugha ile ana namna ya kujua, kwa sababu uso unaosemwa amewahi kuuona. Ni uso wa bibi yake, wa mwalimu wake wa chekechea, wa jirani aliyekuwa anamchungulia kupitia pazia. Anajua uso upi unaishia kwenye kukohoa na upi unaishia kwenye kufukuzwa. Mimi nimekutana na kirai bila uso. Nimepewa ndita zinazoelea hewani.

Na sisi tuna nyuso zetu, tena nyingi. Hakuna bango popote nchini linalosema usimpe mkubwa kitu kwa mkono wa kushoto. Hakuna waraka unaokataza kumpita mzee njiani bila shikamoo. Binti akipiga mluzi nyumbani, hakuna kifungu alichovunja. Lakini jaribu uone. Kuna watakaosonya, kuna watakaobetua midomo, na kuna mmoja ambaye hatasema kitu, atakutazama tu mpaka ujirudi mwenyewe. Mambo ya aina hii hayaandikwi, na hayahitaji kuandikwa, kwa kuwa yanaishi kwenye nyuso za watu unaowafahamu. Ndiyo maana naona kirai hiki kinaanza kuharibika pale tu kinapobandikwa ukutani. Uso halisi haubandikwi. Ukiona umebandikwa, ujue kuna mtu nyuma yake ambaye hataki kutaja jina lake wala kutaja atakachokufanya.

Mwaka jana nilikutana na huo ukuta wenyewe.

Shule ya sekondari niliyopangiwa mazoezi ya kufundisha, TP kama tunavyoita, ilikuwa na bango la mbao karibu na mlango wa ofisi ya walimu. Rangi nyeupe, maandishi ya bluu, mwandiko mzuri: "Speaking Kiswahili in the school compound is frowned upon." Chini ya bango hilo, kila asubuhi, walimu tulikuwa tunapeana shikamoo na marahaba, tunaulizana habari za watoto na bei ya mchele. Nalisema bila kumcheka mtu. Ndivyo maisha yalivyo.

Kwa wanafunzi ilikuwa tofauti. Viranja walikuwa na daftari. Ukisikika unaongea Kiswahili unaandikwa jina, na Ijumaa baada ya vipindi walioandikwa wanakwenda kufyeka nyasi nyuma ya bwalo. Jua la saa tisa, fyekeo zenyewe butu. Kidato cha pili niliokuwa nawafundisha walikuwa wanazijua zile nyasi kwa majina.

Kulikuwa na binti mmoja, anakaa dawati la pili upande wa dirisha, mkimya, mwandiko mdogo kama wa mhasibu. Wiki yangu ya tatu, tukiwa kwenye kipindi cha kauli ya kutendwa, niliuliza kama kuna mtu ana mfano wa sentensi yenye "is" na kitenzi cha namna hiyo. Akanyoosha mkono, akasoma lile bango lote kwa kichwa. Darasa likaguna. Nikamwambia vizuri, ni mfano sahihi kabisa. Hakukaa. Akauliza, "Madam, frowned upon maana yake nini?" Nikamweleza. Akafikiri kidogo, ndita zikajikunja zile za Darwin, kisha akauliza kwa Kiswahili, na hakuna kiranja aliyethubutu kumwandika mbele yangu: "Sasa Madam, nani anakunja uso?"

Nilikuwa na andalio la somo lenye mazoezi kumi. Nililiweka pembeni. Nikaandika sentensi ile ubaoni, nikawaambia kila dawati litafsiri kwa Kiswahili kinachoeleweka nyumbani, dakika tano.

Dawati la mbele walileta, "Kuongea Kiswahili kunakunjiwa uso." Nilikipenda. Ni kaminifu mpaka basi, kila kipande kipo mahali pake, na hakuna mtu aliyezaliwa na mama anayeongea hivyo. Kijana mmoja ambaye ni kiranja akasema ni "hairuhusiwi" tu, tusisumbuke. Wenzake wakampigia kelele, wanamwambia yeye ana maslahi. Binti mmoja wa nyuma akatoa "haipendezi", na kwa maoni yangu hilo ndilo lililokaribia zaidi kuliko yote. Ndilo ningelichagua mimi. Lakini yule wa dawati la pili akageuka akamwuliza, "Haimpendezi nani?" Nikaona hapo pana haki yake. Na sisi tuna maficho yetu. "Haipendezi", "haileti picha nzuri", "siyo ustaarabu": ni mara ngapi umeambiwa hayo bila kuoneshwa asiyependezwa ni nani?

Kutoka kwenye kona kabisa, kijana ambaye kwa wiki tatu nilikuwa sijamsikia sauti akasema, "Ticha atamaindi." Darasa likaanguka kicheko. Na mimi nilicheka, halafu nikasimama pale na chaki mkononi nikaona huyu kijana kafanya kazi kubwa kuliko kamusi. Kumaindi ni "mind" ya Kiingereza, ile ya "do you mind", iliyoingia mtaani, ikavuliwa viatu, ikawa kitenzi chetu. Lakini tazama ilivyobadilika. Kumaindi kuna mtu. Fulani kamaindi. Shemeji atamaindi. Sijawahi kumsikia mtu yeyote, si kwenye daladala wala kwenye foleni ya kafeteria, akisema "kuchelewa kunamaindiwa". Mtaani ukileta habari ya kumaindi bila kutaja nani, watakuuliza palepale: nani?

Tukabishana kama kirai kile kina adhabu ndani yake. Tukafungua kamusi pekee ya darasa, iliyokuwa haina jalada. Adhabu haikuwemo. Yule binti akasema taratibu, siyo kwa ukali, "Basi mbona mimi nimefyeka mara tatu?"

Kengele ikagonga. Sijawahi kuishukuru kengele kiasi kile.

Saa ya chai nilimfuata mwalimu aliyekuwa analea wanafunzi wa TP, mwalimu wa Kiingereza wa miaka mingi, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nikamwuliza bango lile liliandikwaje. Akanyamaza, akakoroga chai yake. "Mwanangu," akasema, "lile nililiandika mimi." Akaniambia kwamba lililokuwepo kabla yake lilisema "No Kiswahili", herufi kubwa, rangi nyekundu, na yeye hakulipenda. Aliona ni lugha ya polisi. Watoto wametoka shule ya msingi wakifundishwa kila kitu kwa Kiswahili miaka saba, anasema, leo uwapokee kwa rangi nyekundu? Akatafuta maneno ya kistaarabu, maneno ya kumwambia mtoto tungependa ujaribu Kiingereza, bila kumtisha. Daftari la viranja na nyasi vilikuja baadaye, kwa mkono wa mtu mwingine, akaona bango lipo, akalifungia adhabu kwa nyuma.

Sikuwa nimelitegemea hilo. Nilikwenda pale nikiwa na hasira kidogo na aliyeandika, nikakuta aliyeandika ni mpole kuliko wote ofisini. Upole wake ndio uliokuwa umegeuzwa fyekeo. Na kwa kuwa maneno hayakutaja mtu wala adhabu, hapakuwa na mahali pa kushika ili kulipinga.

Mwalimu wa nidhamu alikuwa anatusikiliza. Hakukasirika, alitabasamu hasa. "Mwalimu wa TP," akaniambia, "wewe shughulika na lugha, niachie nidhamu." Nikamjibu shikamoo yangu ya kuagia, nikaenda kipindi.

Nisieleweke vibaya. Sipingi watoto kuongea Kiingereza shuleni. Mtihani wao wa kidato cha nne wataukuta kwa Kiingereza, na asiyekizungumza anakuja kukitafuta akiwa chuo, tunajuana. Suala la lugha ya kufundishia ni kubwa, Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliizungumzia nafasi ya Kiswahili na mpaka leo tunaendelea kubishana. Siyo mzigo wa makala hii. Wala sifananishi nyasi za Ijumaa na mambo aliyoyasimulia Ngũgĩ wa Thiong'o katika "Decolonising the Mind" ya 1986, ya watoto wa shule za Kenya ya kikoloni waliochapwa au kuvalishwa kibao cha chuma chenye maneno ya kuwadhalilisha kwa kosa la kuongea Kigĩkũyũ. Ule ulikuwa ukatili wa wazi. Lakini neno "wazi" hapo nimeliweka kwa makusudi. Mtoto yule alijua nani anamchapa na kwa nini, na alipokuwa mkubwa aliweza kuandika kitabu akamtaja. Mwanafunzi wangu atamwandika nani? Ndita?

Wiki mbili baadaye bango lilishushwa likarudi na rangi mpya. Sijui nani hasa aliyeamua. Nadhani maneno ya darasani yalitembea, yanavyotembea siku zote. Sasa lilisomeka, "Kiswahili is not allowed in the school compound", na chini yake kwa herufi ndogo adhabu ikatajwa, pamoja na cheo cha anayeisimamia. Mwenzangu tuliyekuwa naye TP aliponiona nalisoma akaniambia, "Umewaponza watoto." Hoja yake inaeleweka. Lile la zamani lilikuwa na upenyo. Kiranja mwenye roho nzuri angeweza kusema ah, wameandika frowned tu, na akakuacha. Sasa upenyo umezibwa.

Mimi sikubaliani naye, na si kwa sababu ya kujitetea. Upenyo ule ulikuwa wa kiranja, haukuwa wa mtoto. Aliyekuwa anaamua leo nani asamehewe na nani afyeke hakuwa yule binti. Ni kama ile kazi yetu ya mwaka wa pili: waliosamehewa hawakujua kwa nini wamesamehewa, na waliokatwa hawakujua kwa nini wamekatwa, na hali hiyo mtu anaweza kuiita huruma akiwa tu upande wa waliosamehewa. Walimu watarajiwa wenzangu, siku tutakapoandika kanuni za darasa letu, tuandike nani anataka, anataka nini, na usipofanya itakuwaje. Kama hakuna litakalokuwa, basi tuseme kwa mdomo, kwa uso wetu wenyewe, ili mtoto aone ndita ni za nani. Hilo ndilo nitakalofanya mimi.

Nilimwuliza binti wa dawati la pili analionaje bango jipya. Alikuwa anafuta ubao. Akasema, "Afadhali, Madam." Nikamwuliza afadhali vipi, wakati sasa ni marufuku kabisa. Akaendelea kufuta. "Lile la kwanza ungeliuliza swali gani? Hili lina mwenyewe."

Ijumaa ya wiki yangu ya mwisho kulikuwa na baraza la shule, wanafunzi wote mbele ya bwalo, walimu kwenye viti. Wakati wa maswali alinyoosha mkono. Aliongea Kiingereza, polepole, akipanga kila neno kama anapanga vikombe. Aliuliza nani aliamua kwamba Kiswahili kisiruhusiwe, na kama wanafunzi wanaweza kuelezwa sababu. Kukawa kimya. Walimu wawili walikunja uso, na niliwaona ni akina nani. Mwalimu wa zamu akasema ni swali zuri, litajibiwa baraza la Ijumaa ijayo. Binti akashukuru, akakaa, akatoa kalamu, akaandika tarehe ya Ijumaa hiyo kwenye kiganja.

Ijumaa hiyo mimi nilikuwa kwenye basi, narudi chuoni.